Nilivyogonga Nguzo ya Kona ya Tatu

Nyie vijana mnaopigilia mbao mpya kule Ruzizi inapoingia ziwani, wiki iliyopita mliniita niwafundishe kazi. Mkaniweka kwenye kiti cha plastiki, mkanipa soda ya baridi, kisha mmoja wenu akauliza, "Muzee Simeoni, zamani mulikuwa munapishana namna gani juu ya mbao?" Nikaanza kuwaeleza habari ya kugonga nguzo. Nikakwama katikati, nikasema kichwa kinaniuma, nikaomba nirudishwe nyumbani.

Kichwa hakikuwa kinaniuma. Nilishtuka tu. Sikutegemea kwamba swali dogo namna ile lingenishinda mbele ya vijana, mimi niliyefanya kazi ile miaka mingi na kuongoza wageni nisiowajua hata idadi. Basi ninaandika hapa yale niliyoshindwa kuyasema kitini: jinsi Mzee Zakaria, aliyenifundisha kazi, alivyokamatwa na waasi akauawa. Uvira yote inasema aliyemtaja ni Petro mvuvi. Si kweli. Hakumtaja hata kidogo.

Lakini kwanza kazi yenyewe, kwa sababu asiyeijua kazi hii hawezi kuelewa kosa langu.

Njia ya mbao ilijengwa na wazungu wa serikali kabla ya uhuru. Ilianzia kwenye mikindu, ikapita msitu wa maji, ikaingia mafunjo, ikaishia kwenye kibanda cha kuangalilia wanyama. Ilikuwa na upana wa mbao mbili tu na kona nne. Mafunjo yalisimama marefu kuliko mtu pande zote mbili, kwa hiyo ukiwa kabla ya kona huwezi kumwona aliye upande wa pili. Mgeni aliitembea kwa saa nzima, sisi tuliimaliza kwa robo saa bila viatu.

Nasema bila viatu na ninajua mtacheka, maana nimewaona na mabuti yenu. Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya harusi ya kaka yangu ili nipendeze. Mzee Zakaria alinitazama miguu, akacheka hadi akashika nguzo. "Toa ile vitu," akaniambia. "Jicho itakudanganya, Simeoni. Ubao inaoza chini, juu inabaki muzuri. Uliza muguu." Nikavivua. Hatua ya ishirini hivi, unyayo wangu ukahisi ubao ukibonyea kama ugali uliopoa. Kwa macho ulikuwa mzima kabisa. Tuliung'oa, na chini yake ulikuwa umeliwa wote. Nikafikiria kwamba ningeukanyaga na viatu vya harusi na wageni watano nyuma yangu.

Makosa yangu yalikuwa mengi. Mwezi wa kwanza nilipiga kelele "Mamba!" nikionyesha gogo, na mama mmoja wa kizungu akaangusha jumeli zake majini, zile darubini za kuning'iniza shingoni. Kwa aibu ile, wiki iliyofuata nilimwona mamba halisi nikasema ni gogo. Mzee Zakaria alinivuta shati kwa nyuma, na gogo langu likafungua mdomo. Mama yangu! Nilikaa chini palepale juu ya mbao. Kuanzia siku ile nilijifunza kutazama ndege kabla ya kutazama maji, kwa sababu korongo hasimami karibu na mamba hata akiwa na njaa.

Alinifundisha pia kuonyesha. Ninyi mnanyoosha mkono wote juu kama askari wa barabarani. Mkono ukipanda, mdiria anaruka, nzohe, yule swala wa majini, anazama kwenye matete na mgeni anabaki kuuliza, "Wapi? Wapi?" Onyesheni na kidole kikiwa tumboni, taratibu, halafu tazameni kule mnakotaka mgeni atazame. Macho yake yatafuata yenu.

Sasa habari ya kugonga. Siku moja nilikuwa narudi kutoka kibandani na wageni wanne, Mzee Zakaria anakwenda na watatu. Tukakutana uso kwa uso kwenye kona ya tatu. Mzungu mmoja mnene mwenye kofia, kwa adabu zake, akasema "Pardo, madamu," akarudi nyuma hatua moja kumpisha mwanamke. Nyuma hapakuwa na kitu. Alizama hadi kifuani. Kofia ikabaki inaelea, na kiboko akakoroma karibu sana, nyuma ya mafunjo. Nilisahau hata jina langu. Mzee Zakaria alivua mkanda wake akamrushia, tukamvuta yule bwana kama gunia la mihogo mibichi. Halafu mzee akawaongoza wageni wote hadi mwanzo wa njia huku ameshika suruali yake kwa mkono mmoja, akiwaeleza majina ya ndege bila haya.

Jioni ile aliweka sheria. Kelele zinafukuza wanyama, kwa hiyo hatutaitana. Ukifika kwenye kona, unagonga nguzo mara tatu kwa vifundo vya vidole. Kama kuna mwenzako mbele anajibu mara mbili: nipo, ngoja. Kama kimya, unapita. Sauti ya mti juu ya maji inafika mbali, na wanyama waliizoea upesi wakaacha kuijali.

Nasi tuliizoea. Ee, tuliizoea mno! Baada ya mwaka mmoja sikujua tena kwamba nagonga. Nikiwa naeleza habari ya fisi maji, mkono ulikwenda wenyewe. Nilikuwa nagonga mlango wa jiko nyumbani mara tatu, na mke wangu anajibu kwa mwiko kwenye sufuria mara mbili, tukicheka. Hata Mzee Zakaria niliwahi kumgongea benchi kanisani, akanijibu mara mbili huku macho yamefumba kwenye sala.

Uhuru ulitukuta tukisugua utelezi kwenye mbao kwa mchanga na makapi ya mawese. Wiki moja wageni walikuwepo, wiki iliyofuata hakuna hata mmoja. Tulikuta jumeli nzuri imesahauliwa kwenye benchi la kibandani, tukaitunza tukisubiri mwenyewe. Hakuja. Waliokuja ni watu wetu. Siku hiyo nilibaki mdomo wazi, kwa sababu miaka yote ile haikunipitia akilini kwamba mama yangu mwenyewe hajawahi kukanyaga mbao zile. Wanawake wa Mutarule walikuja na vikapu vichwani, wakashikana viuno wakiogopa kuanguka. Mmoja alipoonyeshwa kiboko alipiga kelele: "Yee! Hii njo bazungu balikuwa banatoka kwabo kuona? Huyu iko anakula muhindi yangu kila mwaka! Mungeniuliza, ningebaonyesha bure!"

Biro mpya, yaani ofisi ya serikali, ikamfanya Mzee Zakaria mkubwa wa mahali pale na kumpa kepi yenye alama inayong'aa. Aliipenda kepi ile kama mtoto anavyopenda nguo ya Noeli. Alikuwa anaivaa kutoka nyumbani hadi kwenye ubao wa kwanza, kisha anaivua na kuificha shatini, maana ndege hawapendi kitu kinachometameta. Kepi hiyo ndiyo iliyomponza.

Uasi ulipoingia Uvira, walianza kutafuta watu wa serikali. Makarani, walimu, yeyote aliyekuwa na kalamu mfukoni au kepi kichwani. Nilimwona karani wa posta, mtu niliyeimba naye kwaya, amelala barabarani asubuhi, na watu wanampita kama hawamwoni. Nami nilimpita. Hadi leo sijui miguu yangu iliwezaje.

Petro mvuvi, jirani wa Mzee Zakaria, ndiye aliyemwahi. Alimpakia kwenye mtumbwi chini ya nyavu, akampitisha ndani ya mafunjo hadi kwenye kile kibanda chetu mwishoni mwa njia. Mpango ulikuwa Petro amvushe ng'ambo, Burundi, mara waasi watakapoacha kulinda mitumbwi ufukweni. Tuliojua alipo tulikuwa watatu tu: Petro, Mama Elizabeti mke wa Mzee Zakaria, na mimi. Mimi nilipewa kazi ya kumpelekea chakula kwa sababu waasi walikwisha kunizoea pale mbaoni. Sikuwa na kepi, walinihesabu kuwa mfagizi.

Siku tatu nilimpelekea ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Nilifika kona ya tatu, nikagonga mara tatu, naye akajibu mara mbili. Nikisikia zile mbili moyo unatua. Ndivyo tulivyokuwa tunasalimiana, na hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba ni hatari.

Siku ya nne asubuhi, jua limekwisha kuchomoza vizuri, nikaona waasi saba wamesimama kwenye mikindu. Kiongozi wao alikuwa kijana wa rika langu, mwenye ngozi ya tumbili kichwani na bunduki begani.

"Weye njo muntu wa mbao?"

"Njo minye, shefu."

"Bananiambia huku iko kiboko mingi. Bantu yangu bana njaa. Tupeleke."

Nikamwambia viboko wamehama. Palepale kiboko mmoja akakoroma mbali, na wenzake wakacheka. Nikaona afadhali niwapeleke, kwa sababu ghuba ya viboko iko mara tu baada ya kona ya tatu. Watapiga mmoja, watashughulika na nyama, hawatakuwa na haja ya kufika kibandani. Lilikuwa wazo zuri. Hata leo nikilipima naona lilikuwa zuri.

"Pita mbele," akaniambia. "Mbali. Usituguse." Dawa yao ya kuzuia risasi iliwakataza kuguswa na mtu asiye na dawa. Basi nilitembea peke yangu hatua kadhaa mbele, nao nyuma, kama mimi ni kiongozi na wao ni wageni. Msitu ulikuwa mzuri siku ile, Mungu anisamehe kwa kukumbuka hilo. Mbega walikuwa juu, furukombe analia, mbao zimekauka vizuri. Mwasi mmoja alimwona kenge akashtuka, akaniuliza kwa kunong'ona kama anauma. Nikajikuta namweleza kenge anavyotaga mayai. Nilikuwa nimekolea kabisa kwenye kazi yangu. Kona ya kwanza tukapita, na ya pili.

Sasa ninajiuliza: je, niligonga kwenye kona zile mbili pia? Huenda niligonga. Sikumbuki, kwa sababu sikuwahi kukumbuka. Ila ya tatu ninaikumbuka. Nikiwa katikati ya maneno, nilisikia mti ukilia ko, ko, ko, nikatazama nione nani anagonga, nikaona ni mkono wangu.

Na kutoka kibandani, juu ya maji, ikaja: ko, ko.

Nikaendelea kutembea kama sikusikia kitu.

"Nani ile?" kiongozi akauliza.

"Iko ndege, shefu. Kigogota. Anatoboa muti."

Mmoja akacheka. Kiongozi hakucheka. "Minye ni muntu wa Kiringye," akasema. "Kigogota namujua tangu utoto. Anapiga trrrr, anaacha, anapiga trrrr. Huyu anahesabu. Gonga tena."

Nikagonga haraka haraka, ovyo, ili mzee ajue kuna jambo. Kimya. Mzee alikuwa ameelewa. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo.

"Apana," kijana akasema, akaweka mdomo wa bunduki usawa wa sikio langu, bila kunigusa. "Gonga vile uligonga mbele. Tatu."

Vijana, hapa ndipo nilipokwama kwenye kiti chenu cha plastiki. Mara ya kwanza mkono ulinitangulia, na hata Mzee Zakaria mwenyewe angenihurumia, maana yeye ndiye aliyeufundisha. Mara ya pili mkono haukunitangulia. Nilijua ninachofanya. Nilimfikiria mke wangu na watoto wangu wawili wadogo, nikaogopa kufa, nikagonga mara tatu, vizuri, kila moja peke yake.

Hakujibu kwa kugonga. Nilisikia nyayo. Alikuwa anakuja juu ya mbao bila viatu, mwendo wake wa siku zote, hana haraka. Sauti zetu zote zilikuwa zimemfikia, na mlio wa bunduki kukokiwa nao ulimfikia. Alitokeza kwenye mafunjo ameshika kepi mkononi. Hakunitazama mimi. Alimtazama yule kijana.

"Njo minye munatafuta," akasema. "Huyu hajui kitu. Anagonga kila siku, kuko muntu ao hakuna muntu. Muulize muntu yeyote wa Uvira."

Kijana akaniuliza, "Ni kweli?"

Nikasema, "Ni kweli."

Hakuna aliyemgusa. Walimpisha atangulie, naye akatangulia. Alipofika karibu na pale niliposimama, alibonyeza ubao kwa kidole gumba cha mguu, akaniambia kwa sauti ya kazi, "Huu umelegea, Simeoni. Muntu atavunjika." Akapita. Walimpiga risasi ufukweni kabla jua halijafika katikati. Nilisikia nikiwa bado nimesimama kwenye kona ya tatu. Viboko wote walizama mara moja, na waasi wakasahau habari ya nyama.

Watu walipouliza nani alimtaja, sikuhitaji kusema uongo. Walijibu wenyewe. Mimi nilikuwa kama mwana wa Zakaria, nililia mbele ya watu hadi nikazimia. Petro alikuwa mvuvi mkali wa maneno aliyegombana na nusu ya mtaa. Siku ileile alikimbilia Burundi na mtumbwi wake, basi wakasema, mnaona? Aliporudi miaka kadhaa baadaye, walimgeuzia mgongo. Kanisani benchi lake lilibaki na yeye na mkewe na binti yake tu. Nami nilikaa benchi la mbele nikiimba. Alipokufa, nilikuwa miongoni mwa wanaume wanne waliochimba kaburi, na nilishangaa jinsi nilivyoweza kuchimba.

Baada ya swali lenu nilikwenda kwa Mama Elizabeti. Ni mkongwe sasa, nilimkuta anachambua maharage. Nikamwambia yote, ya kwanza na ya pili. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja.

"Mara ya pili, ulijua?"

"Nilijua, mama."

Akaendelea na maharage yake. "Petro alinifikia kwangu mara ine," akasema. "Mara ine nilifunga mulango. Ya mwisho alileta samaki, akaiweka pale inje. Nikatupia imbwa." Kisha akasimama, akachukua kitenge chake. "Twende kwa binti yake. Sasa hivi. Minye pia iko na yangu ya kumuambia."

Binti yake Petro, Neema, anaishi Kalundu, naye ana wajukuu. Alituwekea viti uani, akatuletea maji. Nilisimama nikayasema yote mbele yake, na Mama Elizabeti akasema habari ya samaki na mbwa. Nilikuwa tayari anitemee mate au awaite wanawe wanipige. Neema alitusikiliza bila hata kupepesa macho.

"Baba Simeoni, ikala," akaniambia, akinionyesha kiti. "Baba alijua."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Alijua tangu siku ile ile. Mulikuwa batatu benye kujua muzee iko wapi. Yeye hakusema. Mama Elizabeti hangeweza kusema juu ya bwana yake. Alibaki nani? Minye nilikuwa namulilia, 'Baba, sema basi! Batuheshimu!' Alikuwa ananijibu, 'Neema, Simeoni iko na batoto badogo. Bakijua batamuua. Minye bananichukia tu, haiko kufa.'"

Mama Elizabeti alijifunika uso kwa kitenge. Mimi niliketi chini kwenye mchanga, kwa sababu kiti sikukiona.